Mistari Iliyofungwa Kitambaa Cheupe

Mpaka leo nikikaa na watu pale Ujiji, halafu mmoja akasema ile dawa ya Bibi Shamba ilishindwa, damu inanipanda. Haikushindwa. Niliiona ikifanya kazi kwa macho haya mawili, moja sasa lina ukungu lakini wakati ule lilikuwa zima kabisa. Aliyetakiwa kunisikiliza alihamishwa, na waliobaki wananisikiliza huku wanatafuta viatu vyao mlangoni. Basi nimeamua kuandika. Shule niliishia darasa la pili, herufi zangu zinalala ovyo, lakini karatasi haina safari, itanisikiliza mpaka mwisho.

Niseme kwanza nyumba yangu ilivyokuwa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mzee mzima anagombania mahindi. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Sisi watu wa Kigoma ukitutajia miaka ya wakimbizi tunakuuliza, ipi? Tumekuwa nayo mingi. Hii ninayosema ni ya juzijuzi, Warundi walipovuka wakajaa ufukweni kule mpakani, halafu meli kongwe ikawa inawaleta mjini, wanalazwa uwanja wa mpira, kisha mabasi yanawapeleka kambini. Mke wangu alikuwa anakwenda pale uwanjani kila asubuhi na sufuria ya uji, anamtafuta mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, Rumonge, Burundi. Watu wakamwambia, mama, utawagawia wangapi? Yeye anagawa, anatazama sura. Siku moja akamwona. Ana watoto wake, na mgongoni amefunga kwa kanga kitu tukadhani ni mtoto mwingine. Kumbe jembe. Jembe halina mpini. Yeye na mumewe walipotezana kwenye boti, boti lilijaa likaondoka na mume, yeye akabaki mchangani na wanawe akisubiri la pili.

Kwa kuwa alizaliwa hapahapa Ujiji, na mjumbe wetu alimjua tangu anachezea matope, aliruhusiwa akae kwetu mpaka mumewe apatikane. Akakaa. Watoto wake, watoto wetu, na wa marehemu kaka yangu ambao nilishawarithi. Ukipika ugali, sufuria haijatua chini mikono imeshafika.

Na mwaka huohuo ndio akaingia kiwavi mpya.

Bungua tulikuwa tunamjua, yule anayetoboa bua, tumezoeana naye tangu enzi za baba. Huyu mpya alikuwa mwingine. Wanasema ana alama usoni kama herufi, mimi wa darasa la pili sikuisoma. Anaingia moyoni mwa mhindi, pale majani machanga yanapochipukia, anakula huku anajaza kinyesi kama unga wa mbao. Asubuhi unaona jani lina vitobo, unasema si neno. Wiki haijapita, moyo wote umekatika. Shamba langu liko bonde la Luiche, upande wa juu kidogo ambako maji ya mpunga hayafiki. Mwaka ule nilivuna magunzi. Nasema magunzi, si mahindi. Tukaanza kula unga wa msaada, ule wa kambini ambao unauzwa sokoni kwa kificho, unafunikwa gunia juu. Mke wangu akawa anasonga ule ugali amegeuza uso.

"Hawa wamekimbilia kwetu," alisema, "halafu sisi ndio tunakula unga wao. Hebu niambie mume wangu, nani hapa mkimbizi?"

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia msimu unaofuata tutakula unga wa shamba langu, na wageni wetu watakula unga wa shamba langu. Hilo ndilo lilikuwa jambo langu mwaka ule, sikuwa na jingine.

Sasa hapa lazima nieleze maji ya dagaa, nisipoyaeleza habari yote itakuwa uji bila sukari. Dagaa wetu wanaanikwa ufukweni Kibirizi juu ya mchanga, kwa hiyo wakifika jikoni wana mchanga wao. Unawaosha, unawaosha tena, na yale maji ya kuoshea yananuka usiombe. Sehemu nyingine za nchi wanayamwaga. Sisi tunayaweka kwenye ndoo nyuma ya jiko. Mvua ikikatika unayapeleka shamba, unachota kwa kopo, unamimina kidogo moyoni mwa kila mhindi. Sisimizi wanafuata harufu ya samaki, wakipanda wanamkuta kiwavi amelala, wanamshughulikia. Ni kazi ya wanawake na wazee wenye subira. Ubaya wake, mvua moja kubwa inaosha kila kitu, unaanza upya. Na ndoo moja inaisha kabla hujafika katikati ya shamba. Nani ataosha dagaa wa kutosha bonde zima? Kwa hiyo kila mtu bondeni alitia chake: huyu maji ya dagaa, huyu majivu, huyu mchanga, huyu sumu ya dukani ambayo mwanzoni iliua viwavi na baadaye viwavi waliinywa kama chai. Hakuna aliyeacha mahindi yake hivihivi. Ukiyaacha hivihivi watu wanajua umefiwa au umelewa. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Ndipo akaja Bibi Shamba. Alikuwa binti wa Kilimanjaro, kazi ilimleta huku, na siku za mwanzo alikuwa anatembea mjini amejifunika pua na mtandio. Kigoma yote inanuka dagaa, mwanangu, tulimwambia, utafunika mpaka lini? Akawa anakula chipsi mayai asubuhi na jioni. Alitujia bondeni na gari la ofisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye bwana shamba mpya?"

"Mimi ni mtafiti, mzee."

"Haya, karibu Bibi Shamba."

Alicheka, akaacha nimwite hivyo. Alikuwa anatafuta shamba la kujaribia dawa, na langu lilikuwa limeliwa kuliko yote, hiyo ndiyo sifa iliyonipa nafasi. Tukakusanyika majirani. Akasema dawa yenyewe haiui mdudu. Hapo nusu ya watu wakaondoka. Dawa gani isiyoua? Mimi nikabaki, maana zinazoua nilishaziona.

"Mmea ukitafunwa unajua," akasema.

"Unajuaje na hauna kichwa?"

"Ndani yake kuna kitu kinatembea, mzee, kinapeleka habari toka jani hili kwenda jani lile. Tunakiita homoni. Habari ikifika, majani yanajitengenezea uchungu. Mdudu anakula lakini hashibi, hakui. Tena mmea unatoa harufu ya kuita nyigu wadogo, wale wanaotaga mayai ndani ya kiwavi. Shida ni kwamba habari inachelewa. Mpaka mmea ushtuke, moyo umeshaliwa. Sasa sisi tunachukua homoni hiyohiyo tunaipulizia mapema, mdudu hajafika. Mmea unadhani umeshaumwa, unajiandaa."

"Kwa hiyo mnaudanganya."

"Tunautahadharisha."

Jirani yangu wa shamba la chini, mtu mwenye mdomo ambao haujawahi kupumzika, akadakia: "Homoni si ndiyo wanayochomwa akina mama kliniki ili wasizae? Mzee, mahindi yako yameingia uzazi wa mpango!"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bibi Shamba naye akacheka, kisha akasema jambo moja ambalo halikumsaidia: kwamba kweli, mmea ukijilinda unatumia nguvu, kwa hiyo mwanzoni utachelewa kidogo kukua. "Si nilisema!" akapiga kelele jirani.

Tulipopanda, akaja na vitambaa. Mistari mingine alifunga kitambaa chekundu mwanzo na mwisho, mingine kitambaa cheupe, imepishanapishana shamba zima. Nyekundu inapata dawa. Nyeupe haipati kitu, si dawa yake wala chochote chetu.

"Nyeupe dawa haitoshi?" niliuliza.

"Inatosha. Tunaiacha ili tuone."

"Tuone nini? Ikiliwa? Si tuliona mwaka jana."

"Mzee," akasema, na hapa alishika mkono wangu kama mtoto anayeomba, "nikipeleka mahindi mazuri peke yake, wakubwa wataniuliza, umejuaje kwamba yasingepona yenyewe? Pengine mwaka huu mdudu ni mchache. Lazima niwaonyeshe yaliyopata na yaliyoachwa, yamelala pamoja, mvua moja, udongo mmoja. Tofauti ikionekana, msimu ujao narudi na dawa ya bonde zima. Isipoonekana, kazi imeishia hapa. Nimepewa nafasi moja tu."

Nilimwelewa. Watu wanadhani sikumwelewa kwa kuwa sikusoma, lakini nilimwelewa vizuri sana. Tulikubaliana nitatoa sadaka mistari myeupe ili bonde lipate dawa, na nyumba yangu ipate unga mwaka hata mwaka.

Shemeji yangu, yule mdogo wa mke wangu, siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amepata kibarua Kibirizi cha kuanika na kugeuza dagaa, na wenye dagaa walikuwa wanamlipa sehemu kwa dagaa wenyewe. Alikuwa anaondoka alfajiri, anarudi mchana na fungu lake, jioni anakwenda shamba kupalilia na lile jembe lake, ambalo nililitia mpini mwenyewe. Jioni hiyo nilimwambia: mistari yenye nyekundu itapata dawa, usiiguse kwa kitu. Yenye nyeupe haipati. Mke wangu husema ni mimi sikumweleza vizuri. Nilimweleza. Tumegombana juu ya jambo hili mpaka tumechoka na bado tunagombana.

Bibi Shamba akapulizia kwa bomba la mgongoni, akavaa mabuti na glovu, akarudia tena baada ya muda. Na kweli mistari myekundu ikadumaa. Haikukauka, ilisimama tu kama mtu aliyesikia hodi usiku ananyamaza asikilize. Myeupe ikaipita kimo. Jirani akawa kila akipita lazima aseme neno.

"Mzee, vipi wagonjwa wako? Kliniki lini?"

"Pita zako."

"Napita. Lakini wanyonyeshe basi, wamepauka!"

Nilivumilia. Wakati huo mguu ulianza kunivimba, huu wa kulia, ulikuwa unavimba kila mvua zikizidi, daktari mmoja alisema chumvi, mwingine akasema umri, yupi nimwamini? Kwa hiyo nilikuwa nakwenda shamba mara chache, na asubuhi, mguu ukiwa bado mwepesi. Shamba lilikuwa mikononi mwa shemeji.

Kisha viwavi wakaja. Nikajikokota kwenda kuona. Nikapanua moyo wa mhindi mmoja wa mstari mwekundu. Kiwavi yumo, lakini ungemwona! Mwembamba kama uzi, amepauka, amekula vitobo viwili vitatu akaacha. Nikapanua mwingine, na mwingine, ni hivyohivyo. Na juu ya majani vinyigu vidogo vinaruka, vidogo kuliko mbu, sikuwahi kuviona vingi namna ile. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Nikasema, Bibi Shamba, binti yangu, umewapata.

Halafu nikaenda mstari mweupe kuona maangamizi. Hakuna maangamizi. Mahindi yamesimama, ya kijani, moyo mzima. Kiwavi hayumo kabisa. Sisimizi wanapanda na kushuka.

Nilirudi nyumbani sina raha. Nikamwambia mke wangu mistari ya kuachwa haijaliwa.

"Mungu mkubwa," akasema.

"Mungu mkubwa nini? Inatakiwa iliwe!"

Alinitazama kama nimepandwa na homa. Na mimi mwenyewe nikajiona. Nimekuwa mkulima wa kwanza bonde la Luiche kuomba mahindi yake yaliwe. Kila nikienda natazama myeupe kwa matumaini, natafuta kitobo, nikiona jani lina jeraha nafurahi. Jambo kama hilo si la kumwambia mtu. Nikajituliza, nikasema labda kweli mwaka huu mdudu ni mchache. Lakini kama ni mchache, mbona kwenye nyekundu wapo, wamejaa, ila wamekonda? Akili yangu ilifika hapo ikasimama. Nilimweleza Bibi Shamba. Akaja asubuhi, akahesabu, akaandika, uso umemkunjika. Harufu hakuisikia. Wakati huo alishatuzoea, dagaa alikuwa anawala mwenyewe na wengine anamtumia mama yake kwao kwa basi. Pua yake ilikuwa imekuwa ya Kigoma. Hata yangu mimi ni ya Kigoma, ndiyo maana nami sikusikia kitu.

Siku ya kuvuna alikuja na mzani. Tulikuwa wote: mimi, mke wangu, shemeji, na jirani ambaye hakualikwa. Tukavunja mahindi ya mwekundu tukayaweka huku, ya mweupe kule. Akapima. Akapima tena. Akakaa juu ya gunia.

"Yako sawa," akasema. "Hakuna tofauti."

Jirani akataka kusema neno, mke wangu akamwonyesha kidole, akanyamaza. Nadhani ndiyo mara pekee.

Shemeji ndiye aliyecheka. Alicheka kwa furaha, akapiga makofi. "Ego!" akasema kwa Kirundi, yaani ndiyo. "Hata yale yaliyonyimwa yamezaa!"

Bibi Shamba akainua uso. "Yaliyonyimwa vipi, mama?"

"Haya meupe, yaliyokosa dawa. Nilisema, hawa wamekosa mgao, nani atawatazama? Kila jioni mvua ikikatika nimewaletea maji ya dagaa. Mekundu sikuyagusa, shemeji alinikataza. Muulize!"

Mke wangu akanigeukia. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mpunga.

"Mama," Bibi Shamba akasema polepole, "ile tuliiacha makusudi. Ilitakiwa iliwe."

"Iliwe? Kwa nini?"

"Ili tujue kama hii nyingine imesaidiwa na dawa."

Shemeji akawa ananitazama mimi, anamtazama yeye, anatafuta nani anamtania. Alipoona hatutanii, furaha ikamtoka. "Kule uwanjani," akasema, "walikuwa wanagawa blanketi. Zinafika mahali zinaisha. Aliyekosa, jirani yake anamkatia nusu ya lake. Hakuna aliyetwambia tumwache alale na baridi ili wengine waonekane wamepata joto. Mana yanje, Mungu wangu, dada, mimi ningejuaje?"

Nilikuwa na hasira nataka kupasuka na sikuona pa kuipeleka. Nimgombeze mwanamke aliyebeba ndoo kichwani toka Ujiji hadi bondeni kila mvua ikikatika, kwa ajili ya mahindi yangu? Nikaigeuzia kwa Bibi Shamba.

"Sasa si umesikia? Dawa yako imefanya kazi! Maji ya dagaa yamelinda nyeupe, dawa imelinda nyekundu. Andika hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo, mzee."

"Kwa nini usiweze? Mkono unauma?"

"Kwa sababu sijui. Labda dawa imefanya kazi. Labda hata nyekundu ingepona bila kitu. Sina iliyoachwa ya kulinganisha. Naamini kama unavyoamini wewe, lakini siwezi kupeleka imani."

"Basi usiseme habari ya maji. Sema nyeupe imeliwa. Nani atakuja huku kuangalia?"

Nilijua namwomba nini, na yeye alijua. Kisha akasema, "Mzee, nikidanganya kwa jambo hili, msimu ujao nitakuletea dawa ambayo hata mimi sijui kama inafaa. Utawalisha nini watoto?" Akaanza kukunja vitambaa vyake, vyekundu pamoja, vyeupe pamoja. Macho yamemjaa maji. Shemeji akamsaidia kukunja.

Nilimwomba basi aniachie dawa iliyobaki. Akakataa, haijaruhusiwa kuuzwa wala kugawiwa. Gari likaondoka, na dawa ikiwa ndani, na ndio ikawa mwisho wa dawa bondeni kwetu.

Mtaniambia, mzee, si ulivuna? Nilivuna. Tulikula unga wetu mwaka ule, mke wangu akasonga ugali anaimba, sikatai. Lakini mimi nilikuwa namtazama kiwavi wa mwaka unaokuja. Maji ya dagaa yaliweza mistari ile kwa kuwa ilikuwa michache na shemeji alikuwa na kibarua Kibirizi. Na kabla ya mvua nyingine habari ikaja kwamba mumewe yuko kambini, mzima. Akafunga watoto wake, akachukua jembe lake, sasa lina mpini, akapanda basi. Alilia, mke wangu akalia, mimi nikasema nina vumbi machoni. Na ndoo ya maji ya dagaa ikaondoka naye, maana sisi wenyewe dagaa tunanunua wa kula, si wa kuogeshea mahindi.

Msimu huo nikafanya jambo ambalo mke wangu hajanisamehe. Mistari michache nilimimina maji ya dagaa, kadiri mguu ulivyoruhusu. Iliyobaki yote, nikamimina majivu. Na mistari miwili katikati nikaiacha. Nikaifunga vitambaa vyeupe, nilichana kanzu kuukuu. Nilitaka kujua. Nilijiambia, ikiwa iliyoachwa itapona yenyewe, basi nitanyamaza mpaka nife. Ikiliwa, basi mwaka ule isingepona, na nyekundu isingepona, na ni dawa ndiyo iliyoiponya, na nina la kwenda kusema.

Sijui kama umewahi kutazama chakula kinaliwa na wewe una kopo mkononi. Mke wangu alikuja na ndoo yake, nikamzuia kwa mwili. "Umechanganyikiwa," akasema. "Watoto wanasikia njaa, wewe unafuga viwavi." Jirani naye akapita, akatazama vitambaa vyangu, kwa mara ya kwanza hakutania. Alisema tu, "Mzee, pole," kama vile nimefiwa.

Iliisha mistari ile. Ilikatika moyo, yakabaki mabua yenye mashimo, yamejaa ule unga wa mbao. Ya maji ya dagaa yalisimama. Nikakata mabua ya kuachwa nikayatia gunia, na machache ya maji ya dagaa nikayafunga pembeni, nikapanda nayo hadi mjini, ofisini kwao. Kijana wa mapokezi akaangalia gunia.

"Mzee, haya ni mabua."

"Ndiyo. Mwite Bibi Shamba, atayaelewa."

Alikuwa amehamishwa mkoa mwingine. Kijana alikuwa na huruma, akampigia simu akanipa niongee.

"Shikamoo mzee! Mguu vipi?"

"Achana na mguu. Niliacha mistari miwili, imeliwa yote. Nimeileta. Dawa yako ilifanya kazi."

Nilisikia watoto wa shule wanapita huko aliko.

"Mzee wangu," akasema, "ule msimu na huu si msimu mmoja. Wataniuliza mdudu wa mwaka huu alikuwa mwingi kiasi gani, na mvua, na… sina la kuwajibu. Lakini nimefurahi uliiacha. Najua ilivyokuuma."

"Kwa hiyo haisaidii."

"Haisaidii, mzee. Mama wa maji ya dagaa hajambo?"

Nikamwambia yuko kambini na mumewe. Akasema nimsalimie. Simu ikakatika, au kijana aliikata, sijui.

Na hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Sina wa kumlaumu. Yule binti alisema kweli, shemeji alitenda wema, mimi nilielewa kila kitu, na bado bonde zima tunamimina majivu. Nilirudi na gunia lile mpaka nyumbani. Mbuzi waliyanusa mabua wakayakataa. Mke wangu akawashia moto wa ugali, unga wa kununua, amegeuza uso. Bua moja nililiokoa, nikalichomeka kwenye paa la jiko, liko mpaka sasa, na kitambaa chake cheupe kimeshakuwa cheusi kwa moshi. Mgeni akiliona huuliza, mzee, hii dawa ya nini? Namwambia kaa nikueleze. Wengi nikifika kwenye maji ya dagaa wanakumbuka wana safari.